Nilimwambia Wifi Sarafu Yake Imesafishwa

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la hospitali, daktari wa macho ameshaniambia la kuniambia. Mtoto wa jicho. Tena jicho la kulia, lile la kazi, maana la kushoto lilikuwa goigoi tangu utotoni. Nilimuuliza kama anatania. Mimi mjane wa umri huu, watoto nimewatafuta ujanani nikawakosa, leo ndiyo naambiwa nina mtoto, tena kakaa jichoni? Hakucheka. Aliniambia nisubiri foleni ya kupasuliwa, na foleni ni ndefu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi, maana hata mimi nimechoka kuyarudia. Mume wangu alifariki. Ndugu zake wa kiume wakaitwaa nyumba. Katika ukoo mzima ule ni wifi yangu peke yake, dada wa marehemu, aliyenifungulia chumba chake cha nyuma akasema, "Ingia, wifi, tubanane humuhumu." Tumebanana hadi leo.

Kazi yangu ni kukagua sarafu za kale za fedha katika duka moja mjini. Mtu analeta sarafu aliyoachiwa na babu yake, naitazama kwa lenzi, natamka daraja lake, na Tajiri wetu anaandika ninachotamka. Dukani wote wananiita Shangazi, hadi Tajiri mwenyewe, ambaye ana mvi kuliko mimi.

Tajiri sikumwambia habari za jicho. Kabla yangu, kiti hiki alikikalia mzee mmoja ambaye mkono wake ulianza kutetemeka. Sarafu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni ikapata jeraha ukingoni. Siku hiyohiyo akaagwa kwa soda na makofi. Mimi nilipiga makofi pia.

Mtauliza, sasa mbona unatuambia sisi kabla yake? Tajiri huanza gazeti kwa ukurasa wa mpira na kuishia hapohapo. Nyinyi ndio mnaonisikiliza.

Basi niwaeleze nilivyokuwa nikiishi na ubovu ule, ili mjue nilivyoingia shimoni kwa miguu yangu mwenyewe.

Sarafu ikiwa imepita mikononi mwa watu hulika. Huanza kulika palipoinuka: shavu la yule mwanamke aliyechongwa, nywele za juu ya sikio, kifua cha ndege upande wa pili. Hilo bado naliweza. Kilichochongwa kina kivuli, na kivuli nakiona.

Kazi iko kwenye mng'ao. Sisemi kung'aa, maana hata sufuria hung'aa. Sarafu ambayo haijachezewa ina mng'ao wa kuzaliwa, uliotoka nao kiwandani. Ukiiinamisha kidogo chini ya taa, mwanga unatembea juu yake kwa kuzunguka, kama spoki za baiskeli inayosukumwa polepole. Mimi niliwahi kuuona mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa siuangalii tena, nauona tu. Siku hizi nikiwasha taa ya mezani naona maziwa.

Halafu kuna kusafishwa. Watu wana huruma na kitu chenye weusi. Watakisugua kwa dawa ya meno, kwa limau, kwa majivu, kwa chochote kilicho jikoni, na mng'ao wa kuzaliwa unatoka pamoja na ngozi ya juu ya ile fedha. Haurudi. Dukani kwetu neno "imesafishwa" likishatamkwa, mteja huanza kutafuta kofia yake.

Nilipoacha kuona mng'ao, nilianza kukagua kwa masikio.

Mteja akikaa, namuuliza taratibu, "Ilikuwa wapi siku zote hizi?" Kisha nageuzageuza sarafu chini ya taa huku namsikiliza. Aliyesugua ana maneno mengi. "Mimi sijaigusa, labda mama watoto, unajua tena wanawake, lakini mimi hata kidogo." Huyo kasugua. Asiye na hatia hujibu neno moja akanyamaza, akaanza kutazama picha za ukutani. Nilipatia mara moja, mara mbili, mara nyingi. Nikavimba kichwa. Nikajiambia kumbe hata jicho lilikuwa la ziada tu.

Sasa tuje kwa wifi.

Wifi yangu hupiga pasi. Watu wa mtaa mzima wanamletea mashati na mashuka, naye anasimama nyuma ya meza yake asubuhi hadi jioni. Miguu imemvimba hadi viatu vyote kavikata nyuma. Jioni anaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi na kuisemesha: "Haya, wageni, ogeni mkalale." Anasema ile si miguu yake, yake ilikuwa myembamba.

Jumamosi asubuhi akaja chumbani kwangu na kikaratasi cha kaki kilichokunjwa.

"Wifi, una nafasi?"

"Kwako nitakosaje?"

Akakifungua. Ndani yake kulikuwa na sarafu ya fedha, na mimi nikaijua papo hapo, maana pacha wake niliwahi kumshika. Baba mkwe aliacha sarafu mbili za namna moja, moja ya mwanawe wa kwanza, moja ya binti. Ya mume wangu tuliiuza alipolazwa. Niliikagua mwenyewe, ikapata daraja la juu kabisa, na Tajiri aliitembeza duka zima kwenye kiganja chenye kitambaa kama anaonyesha kifaranga.

"Hii haijatoka kwenye karatasi hii," wifi akasema. "Haki ya Mungu, wifi. Sijaigusa. Mara moja moja naifungua naitazama, naifunga. Siifanyi kitu. Alipokuja binti yangu juzi ndiyo aliishika, lakini alinawa mikono kwanza, nilimwambia nawa. Na siku zile za mvua iliponyesha ndani niliihamisha sandukuni, lakini haikulowa, naapa haikulowa. Mimi hata sijui watu wanaosugua wanasugua kwa nini."

Mnaona? Maneno mengi.

"Unataka kuiuza?" nikamuuliza.

Akakaa kitandani kwangu. Alikaa kwa kujishusha kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha mzigo wa mtu mwingine.

"Nimechoka, wifi. Ile ya kaka ilipata daraja gani?"

"La juu."

"Basi hii ni pacha wake. Ikipata kama ile, nazima pasi. Naichomoa ukutani naitia kabatini. Nakaa kitako kama watu wengine."

Niliona uso wake vizuri tu. Matumaini hayahitaji lenzi, yule mama alikuwa ameshazima pasi moyoni.

Nikawasha taa yangu ya mezani. Nikaishika sarafu kwa ukingo, nikaiinamisha. Shavu zima. Nywele za juu ya sikio zote zipo, unaweza kuzihesabu. Ndege ana manyoya yake yote kifuani. Pembeni ya bawa la kushoto pana doa la rangi ya chai. Haikulika hata chembe.

Na mng'ao? Maziwa. Nikainamisha tena. Maziwa, na mistari myembamba ikimeta kila upande, ile ambayo kitambaa huacha kikisugua. Leo najua ile mistari ilikuwa ya jicho langu. Siku ile nilikuwa na hesabu yangu mkononi: sarafu ambayo haikulika na haina mng'ao ni sarafu iliyooshwa. Na mwenyewe kaongea mno.

Ningeweza kusema, "Wifi, sijui." Ningeweza kusema, "Tuipeleke dukani watu wengine waione." Lakini dukani wangeona mimi sioni. Na kuna jingine, niliseme tu: niliogopa kuonekana nampendelea ndugu. Kwa mteja ningejishauri. Kwa ndugu nikaona heri niwe mkali.

"Imesafishwa, wifi."

"Na nani?"

"Sijui. Zamani labda."

"Zamani lini? Unataka kusema baba yangu alisugua?"

"Au kaka yako, alipokuja kuchukua yake."

"Wifi." Sauti yake ilishuka. "Usimsingizie marehemu. Hayupo kujitetea."

Akaikunja karatasi polepole, akasimama kwa kushika ukingo wa meza.

"Basi," akasema. "Kama ndivyo, ndivyo."

Muda mfupi baadaye nikasikia chuma kinagonga mbao. Alikuwa amerudi kwenye mashati.

Siku chache zikapita hatusemezani zaidi ya karibu chai na asante. Nikiwa dukani, Tajiri akaniita kutoka ofisini kwake, sauti imempanda kama mtu aliyefunga goli.

"Shangazi! Njoo uone mali! Acha hivyo vya kukagua, njoo!"

Ana kompyuta yenye skrini kubwa. Mtu alikuwa amemtumia video kwenye simu ya duka, naye kaihamishia kule. Kwenye skrini kulikuwa na sarafu kubwa kama sinia, imeshikwa kwa vidole viwili, inainamishwa dirishani huku na huku.

Na mwanga ulikuwa unatembea.

Ulizunguka taratibu, ukapita shavuni, ukapita shingoni, ukarudi. Kwa ukubwa ule, bila ile taa yangu kunimwagikia jichoni, niliuona kama nilivyokuwa nauona zamani. Sikujua kama nilikuwa nimeukumbuka hivyo. Kisha vidole vikaigeuza sarafu upande wa pili. Ndege. Pembeni ya bawa la kushoto, doa la rangi ya chai.

"Mwenye video hasemi jina," Tajiri akaendelea. "Anasema ni ya mama yake, na kuna mtu wa familia kaiponda, ndiyo anataka jicho la pili. Nani huyo kipofu wa kuiponda hii? Nimempigia, nimemwambia ije kesho. Isiguswe, isifutwe, hata kupulizwa isipulizwe! Nina mnunuzi atakayeichukua bila kuuliza mara mbili. Shangazi, mbona umekaa chini?"

"Kichwa, Tajiri. Kinanigonga."

"Nenda nyumbani ukapumzike. Kesho nakutaka hapa na lenzi yako."

Njiani nililia na kucheka, watu wakanipisha. Nilikuwa nimeumbuka, lakini nilifurahi. Wacha niumbuke. Wacha wifi anicheke mbele ya mtaa. Pasi inaingia kabatini! Nilipanga hata maneno ya kumwambia: wifi, nipige, nitukane, kisha kaa kitako.

Nilipoingia, sikusikia chuma kikigonga mbao. Nilisikia harufu ya limau.

Wifi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, miguu kainyoosha, redio inaimba. Siku nyingi sikuwa nimemwona ametulia vile.

"Wifi, sarafu iko wapi?"

"Mbona unahema hivyo? Umekimbizwa?"

"Sarafu, wifi. Iko wapi?"

Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu Jumamosi. Aliona nimekuja kupatana naye.

"Nilikununia bure," akasema. "Wewe ulisema ukweli tu. Nikawaza, kama ilishaoshwa, kuoshwa tena kutaiua? Haina bei, basi ipendeze. Nitampa sonara aitoboe, binti yangu avae shingoni."

Akafungua kiganja.

Wifi yangu ana mkono wa kusafisha. Uso wa pasi yake, ule unaogusa nguo, unaweza kujitazama ukachana nywele. Huusafisha kwa majivu aliyoyachekecha mara mbili, halafu limau, halafu flaneli kavu hadi mkono unauma. Na sarafu aliifanyia hivyohivyo, kwa upendo wote alio nao. Doa la chai halikuwepo. Iling'aa kama kijiko kipya. Iling'aa hadi mimi, na maziwa yangu jichoni, niliona inang'aa.

Nikaketi sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango.

"Haikupendeza?" akauliza.

Kabla sijajibu simu yake ikalia. Alikuwa binti yake, yule anayekaa mji mwingine, ambaye kwake mimi ni mkaza mjomba. Yule mtoto hajui kunong'ona. Nilisikia kila neno.

"Mama! Tangu asubuhi nakupigia! Nilituma dukani ile video niliyoichukua nilipokuja. Wameipenda, Mama! Wanasema haijawahi kusafishwa, ni safi ya kuzaliwa, wanaitaka kesho! Usiiguse!"

"Nimeshaiosha," wifi akasema akicheka. "Watapenda zaidi. Sasa inang'aa."

Kisha yule binti akaanza kulia. Wifi akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akanitazama mimi.

"Analia nini?"

Nikamweleza. Sikuweza kumtazama huku nikimweleza, kwa hiyo niliieleza ile miguu yake iliyovimba. Mng'ao, majivu, ngozi ya juu ya fedha, yote. Nilipomaliza, redio ilikuwa bado inaimba, akanyoosha mkono akaizima.

"Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

"Na wewe ulisema imesafishwa."

"Nilisema."

"Hukuiona."

"Sikuiona, wifi. Jicho limekwenda."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana juzi ulilisalimia koti langu msumarini. Nilidhani unafanya mzaha. Na chai unamimina nje ya kikombe. Nilisema moyoni, maskini, ni majonzi." Kisha hasira ikampanda, na ilikuwa haki yake. "Ungesema 'sijui,' wifi! Neno moja! Lilikuwa gumu kiasi gani?"

"Lilikuwa gumu."

"Gumu kuliko pasi?"

Akasimama, akaenda ndani, akachomeka pasi ukutani. Alipiga pasi hadi jioni bila kugeuka. Beseni la maji ya chumvi nilimwandalia mimi. Aliingiza miguu, lakini hakuisemesha.

Asubuhi nilitoka nyumbani nimekata shauri. Nitasimama mbele ya Tajiri nimwambie yote, aniage kwa soda yake, yaishe. Yalikuwa yamenifika shingoni. Nilishachoka kuliko kuogopa.

Lakini wifi alinitangulia. Nilipofungua mlango wa duka alikuwa ameshaketi mbele ya meza ya Tajiri, amevaa gauni lake la kwenda harusini, karatasi ya kaki mapajani. Tajiri alikuwa ameishika sarafu kwa ukingo. Kwenye skrini video ilikuwa inacheza, mwanga ukizunguka, na hapa mkononi mwake sarafu ileile imekaa inameta kijinga.

"Mama," Tajiri akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, "nani kafanya hivi?"

Nikasogea. "Tajiri, naomba niseme..."

"Mimi," wifi akasema.

"Kwa nini, mama? Hukumuuliza mtu?"

"Nilimuuliza. Nilimuuliza wifi yangu, huyu aliyesimama nyuma yako."

Nikasema sawa, haya ndiyo malipo yangu, na aseme yeye, ana haki kuliko mimi.

"Akaniambia niiache kama ilivyo," wifi akasema. "Alinionya, wifi wa watu. Mimi nikajifanya mjuaji."

Tajiri akageuka. "Shangazi, huyu ni wifi yako? Mbona jana uliiona video hukusema?"

"Nilimkataza," wifi akadakia. Hakunipa hata nafasi ya kumeza mate. "Hii ni mali ya urithi, na ndugu zangu wa kiume unawasikia sifa zao. Walishaitwaa nyumba ya huyu. Nilimwambia wifi, ukitaja neno sarafu popote, tusijuane."

Alidanganya vizuri, bila kupepesa, kama mtu anayekunja shuka. Na mimi nilisimama pale. Kinywa nilikuwa nacho. Sikukitumia.

Tajiri akapumua. Akaniwekea sarafu mbele, akaniwashia taa.

"Haya, Shangazi. Tuandike tu, tumalizane nayo."

Nikaichukua. Sikuwa na haja ya kuinamisha.

"Imesafishwa," nikasema.

Akaandika. Nililisema Jumamosi likawa uongo, nimelisema leo ni kweli tupu, na kote kuwili limemtoka mtu yuleyule asiyeona. Tajiri akatikisa kichwa, akamwambia wifi, "Siku nyingine msikilize huyu. Jicho lake halidanganyi." Wifi akaitika, "Nimekoma, mwanangu." Tajiri anamzidi umri.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Nilimshika mkono nikamnong'oneza, "Kwa nini, wifi? Mimi nilikuja kusema."

"Nilijua ulikuja kusema. Ndiyo maana nikapanda gari la kwanza." Alikuwa amechoka, hata hasira ilikuwa imechoka. "Sarafu imekwenda. Na kazi ikienda, tutakula nini? Pasi ni moja, wifi, na miguu unaiona. Nyamaza. Ngoja foleni yako, siku ikifika utaomba likizo, utasema unakwenda kumuuguza mtu. Utarudi unaona."

"Na watakaoleta sarafu zao kabla sijapona?"

"Hao siwajui. Wewe nakujua."

Akaketi kwenye benchi la wateja karibu na mlango kupumzisha miguu kabla ya kurudi nyumbani. Mimi nikarudi kwenye kiti.

Mteja wa kwanza wa siku aliitwa. Alikuwa mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, vidole vimejaa makovu ya msumeno. Alitoa kiberiti mfukoni, akakisukuma, na ndani yake, juu ya pamba, palikuwa na sarafu ya fedha.

"Ilikuwa wapi siku zote hizi, mzee?" nikamuuliza, kwa mazoea tu.

"Humu," akasema.

Nikangoja. Hakuongeza neno. Hakutazama picha za ukutani wala sakafu. Alinitazama mimi, moja kwa moja, ametulia.

Nikaiinamisha chini ya taa. Shavu zima. Nywele za juu ya sikio zote zipo. Kisha maziwa, na mistari ikimeta kila upande.

"Ukisema haifai," yule mzee akasema taratibu, "sitakusumbua. Nikitoka hapa naipeleka kwa sonara aiyeyushe, amtengenezee mke wangu pete. Yeye ni mgonjwa, na hajawahi kuvaa pete. Ila ukisema inafaa, tutaiuza, atibiwe. Wewe sema tu, dada. Nimeambiwa neno lako ndilo la mwisho."

Tajiri akavuta kiti chake karibu. "Daraja, Shangazi?"

Niliinua uso. Kule mlangoni wifi hakuwa ameondoka. Alikuwa ananitazama, naye akanitikisia kichwa, polepole, mara moja tu: usiseme.

"Tajiri," nikasema.

Akashika kalamu, akangoja.